Maji Si Unyevu: Upimaji wa Kiasi Kidogo cha Maji katika Viyeyushi vya Kikaboni na katika Mawese ya Ilagala kwa Titresheni ya Karl Fischer

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna kiasi kidogo cha maji kilichomo katika viyeyushi vya kikaboni na katika mafuta kinavyopimwa kwa titresheni ya Karl Fischer. Mfano unaotumika ni mawese yanayokamuliwa Ilagala na katika vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. Hoja kuu ni kwamba kiasi cha maji kinachoripotiwa kinaaminika pale tu mtafiti anapoweza kuonyesha kuwa maji aliyoyapima yametoka kwenye sampuli, wala hayakutoka kwenye kiyeyushi, kwenye hewa ya maabara, au kwenye mmenyuko wa pembeni ndani ya chombo. Makala inaonyesha kwa hesabu kwamba kupuuza chanzo kimoja tu kati ya hivyo kunatosha kuyafanya mafuta mazuri yaonekane mabovu. Aidha, inapendekeza istilahi za *maji* na *unyevu* zitenganishwe katika tasnifu zinazoandikwa kwa Kiswahili.

Maneno Makuu: maji, unyevu, titresheni, kiyeyushi, mawese, Ilagala

1.0 Utangulizi

Kata ya Ilagala imo katika Wilaya ya Uvinza, Mkoa wa Kigoma, karibu na mahali ambapo Mto Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za mwambao huo, mchikichi ni mti wa uchumi wa kaya. Tunda lake hutoa mafuta ya aina mbili: mawese, yatokayo kwenye nyama ya tunda, na mafuta ya mise, yatokayo kwenye kiini cha kokwa. Katika ukamuaji mdogo, matunda huchemshwa, hupondwa na kukamuliwa. Kisha mafuta hurudishwa motoni ili maji yaondoke, ndipo yajazwe kwenye madumu.

Mkamuaji hutambua ukavu wa mafuta kwa jicho na sikio. Mafuta yenye maji hutoa mapovu na kurukaruka. Yakitulia, maji mengi yamekwisha. Kipimo hiki kina mantiki, kwa kuwa maji huchemka kwenye joto ambalo mafuta hayachemki. Hata hivyo, kinatambua maji mengi tu. Maji yaliyobaki baada ya mafuta kutulia hayaonekani wala hayasikiki, na hayo ndiyo yanayoendelea kuyaharibu mafuta katika dumu.

Uharibifu huo huitwa haidrolisisi. Kila molekuli ya maji inaweza kutenga molekuli moja ya asidi ya mafuta kutoka kwenye trigliseridi. Tuchukue kilo moja ya mawese yenye asilimia 0.2 ya maji, yaani gramu 2. Gramu hizo ni moli 0.111, nazo zikitumika zote zinaweza kutenga takriban gramu 28 za asidi ya palmitiki, sawa na asilimia 2.8 ya uzito wa mafuta. Hicho ni kikomo cha juu cha kinadharia, kwani mmenyuko ni wa polepole, na sehemu kubwa ya asidi huru hutokana na vimeng'enya vya tunda kabla halijachemshwa. Pamoja na hayo, hesabu inaonyesha jambo la msingi: maji hayo machache yanatosha kubadili daraja la mafuta, na kwa hiyo bei yake. Anayeyapima hana budi kuwa na njia inayofaa na uthibitisho wa usahihi wake.

2.0 Maji na unyevu: istilahi mbili, vipimo viwili

Katika maandishi mengi ya Kiswahili, *unyevu* na *maji* hutumika kama visawe. Katika lugha ya kila siku hakuna ubaya. Katika kemia ya upimaji, maneno hayo yanahusu vitu viwili tofauti.

Njia ya kawaida ya kupima unyevu ni kukausha sampuli kwenye tanuri na kupima uzito uliopungua. Kiwango cha kimataifa cha ISO 662, kinachohusu mafuta ya wanyama na ya mimea, kinatumia joto la 103 °C. Kinachopatikana humo ni jumla ya kila kitu kilichovukizwa: maji, mabaki ya kiyeyushi, na asidi nyepesi. Kwa upande mwingine, baadhi ya mafuta hufyonza oksijeni yanapopashwa moto, uzito ukaongezeka, na upungufu ukaonekana mdogo kuliko ulivyo. Tanuri halijui lililoondoka wala lililoingia. Linajua tofauti ya uzito peke yake.

Kwa mazao ya mchikichi tatizo hili si la kinadharia. ISO 662 yenyewe inaruhusu tanuri litumike tu kwa mafuta yasiyokauka yenye thamani ya asidi iliyo chini ya 4, na inakataza lisitumike kwa mafuta ya jamii ya lauriki. Kiwango cha Codex cha mafuta ya mimea kinaruhusu mawese ghafi yawe na thamani ya asidi inayofika miligramu 10 za hidroksidi ya potasiamu kwa gramu. Kwa hiyo, mawese yanayokubalika sokoni yanaweza kuwa nje ya mipaka ya tanuri, na mafuta ya mise, ambayo ni ya lauriki, yako nje moja kwa moja.

Hivyo, makala hii inatumia *unyevu* kwa maana ya upungufu wa uzito baada ya kukausha, na *maji* kwa maana ya molekuli za H₂O zilizohesabiwa kwa mmenyuko unaozihusu zenyewe. Mmenyuko huo ndio msingi wa njia ya Karl Fischer.

3.0 Mmenyuko wa Karl Fischer

Titresheni ni upimaji wa kiasi cha kitu kwa kukiongezea kitendanishi ambacho nguvu yake inajulikana, kidogo kidogo, mpaka kitu hicho kiishe. Mwaka 1935, mkemia Mjerumani Karl Fischer alichapisha njia ya kupima maji kwa namna hiyo. Alitumia mmenyuko uliojulikana tangu karne ya 19 kwa kazi za Bunsen, ambamo iodini huoksidisha salfa dioksidi endapo tu maji yapo. Kitendanishi chake kilikuwa na iodini, salfa dioksidi, piridini na methanoli.

Fischer alidhani kwamba molekuli moja ya iodini hutumia molekuli mbili za maji, kama ilivyo katika mmenyuko wa Bunsen. Mwaka 1939, Smith, Bryant na Mitchell walionyesha kwamba, methanoli ikiwapo, uwiano ni moja kwa moja. Katika miaka ya 1970, Verhoef na Barendrecht walibainisha kwamba piridini haishiriki katika kiini cha mmenyuko. Kazi yake ni kutuliza pH. Ugunduzi huo ulifungua njia ya kuiacha piridini, yenye sumu na harufu kali, na kutumia besi nyingine, hasa imidazoli, kufuatia kazi za Scholz katika miaka ya 1980.

Kwa uelewa wa sasa, mmenyuko una hatua mbili, ambapo B ni besi na ROH ni alkoholi:

ROH + SO₂ + B → [BH]SO₃R

[BH]SO₃R + I₂ + H₂O + 2B → [BH]SO₄R + 2[BH]I

Mambo mawili yafuatayo yanajitokeza. Kwanza, alkoholi si kiyeyushi tu. Ni mshiriki wa mmenyuko. Ikipungua sana, mmenyuko huegemea upande wa Bunsen na uwiano wa moja kwa moja huvurugika. Pili, besi lazima iwepo kwa kiasi cha kuweka pH takriban kati ya 5 na 7. Chini ya 4 mmenyuko huwa wa polepole mno. Juu ya 8 huzuka mimenyuko mingine inayotumia iodini bila maji kuhusika.

Uwiano ukiwa moja kwa moja, gramu 1 ya maji humaliza gramu 14.09 za iodini. Maji machache hivyo hupimwa kupitia kitu kizito mara kumi na nne, jambo linaloongeza uwezo wa njia hii kutambua viasi vidogo.

4.0 Namna mbili za kuingiza iodini

4.1 Kwa bureti

Katika namna ya kwanza, kitendanishi chenye iodini hudondoshwa kutoka kwenye bureti. Nguvu yake hutajwa kwa miligramu za maji zinazomalizwa na mililita moja. Kwa kuwa nguvu hii hupungua siku hadi siku, hupimwa upya kwa dutu yenye maji yanayojulikana. Tartrati ya sodiamu yenye molekuli mbili za maji hutumika sana kwa kuwa maji yake ni asilimia 15.66 ya uzito na haifyonzi unyevu wa hewa katika mazingira ya kawaida. Namna hii inafaa kwa sampuli zenye maji ya kuanzia miligramu moja hivi hadi makumi ya miligramu.

4.2 Kwa mkondo wa umeme

Katika namna ya pili, iliyoelezwa na Meyer na Boyd mwaka 1959, iodini haidondoshwi. Huzalishwa ndani ya chombo kutokana na ioni za iodidi kwa mkondo wa umeme. Kila molekuli ya iodini huhitaji elektroni mbili. Hivyo miligramu 1 ya maji hulingana na kulombi 10.71. Anayepima anahesabu umeme badala ya mililita, na hahitaji kupima nguvu ya kitendanishi. Namna hii inafaa kwa mikrogramu kumi hadi miligramu kadhaa, nayo ndiyo stahiki kwa kiyeyushi kama heksani, ambacho hata kikishiba maji kwenye joto la kawaida huwa na takriban asilimia 0.01 tu.

4.3 Kutambua kikomo

Fischer alitambua kikomo kwa macho: maji yakiisha, iodini inayozidi huacha rangi ya kahawia. Kwa mawese njia hiyo haifai, kwa sababu wekundu wa karotini huifunika rangi ya iodini. Hutumika elektrodi mbili za platini zinazopitishiwa mkondo mdogo usiobadilika. Iodini ya ziada ikitokea, volteji kati ya elektrodi hizo hushuka ghafla. Ishara hiyo haitegemei rangi ya sampuli.

5.0 Maji yasiyotoka kwenye sampuli

Mmenyuko hautofautishi maji ya sampuli na maji mengine. Kuyatenga ni kazi ya mpimaji, naye anapaswa kuangalia vyanzo vitatu.

5.1 Kiyeyushi

Chukua mililita 50 za methanoli yenye asilimia 0.05 ya maji, kiwango ambacho katika matumizi mengi huhesabiwa kuwa kidogo. Uzito wake ni gramu 39.6, na maji yake ni miligramu 19.8. Sasa chukua gramu 5 za mawese yenye asilimia 0.1 ya maji: maji yake ni miligramu 5. Kiyeyushi kina maji takriban mara nne ya maji ya sampuli inayochunguzwa.

Kwa sababu hiyo, kiyeyushi kilichomo ndani ya chombo hutitreshwa kwanza, peke yake, mpaka kikomo, ndipo sampuli iingizwe. Tatizo hubaki pale sampuli inapoyeyushwa nje ya chombo na kisha kuingizwa kwa sindano. Kiyeyushi hicho cha nje hakijakaushwa na titresheni ya awali. Ni lazima maji yake yapimwe kando, kwa ujazo uleule, na yatolewe katika hesabu. Kipimo hicho kinaitwa hapa *kipimo tupu*.

5.2 Hewa

Hewa yenye joto la 27 °C na unyevuanga wa asilimia 80, hali isiyo ngeni ziwani wakati wa masika, ina takriban miligramu 20 za maji katika kila lita. Mililita 50 za hewa zikiingia kifuniko kinapofunguliwa, huleta miligramu 1. Hata chombo kilichofungwa huvuja polepole. Uvujaji huo, unaoitwa hapa *mvujo*, hupimwa kabla ya sampuli kuingizwa na hutajwa kwa mikrogramu kwa dakika.

Uzito wa mvujo hutegemea sampuli. Mvujo wa mikrogramu 20 kwa dakika, kwa dakika tano, ni miligramu 0.1. Kwa mawese yenye miligramu 5 za maji, hilo ni kosa la asilimia 2. Kwa gramu 5 za heksani yenye asilimia 0.005 ya maji, yaani miligramu 0.25, ni kosa la asilimia 40.

5.3 Mimenyuko ya pembeni

Ketoni na aldihaidi humenyuka na methanoli na kutoa maji mapya, hivyo jibu huwa kubwa kuliko ukweli. Asetoni ni mfano ulio karibu zaidi, na hupimwa kwa vitendanishi maalumu visivyo na methanoli. Kwa upande mwingine, aldihaidi huweza kuungana na salfa dioksidi na kutumia maji, jibu likawa dogo. Vitu vinavyopunguza iodini, kama vile asidi ya askobiki na thioli, huonekana kana kwamba ni maji. Peroksidi, ambazo hupatikana katika mafuta yaliyokaa muda mrefu juani, huzalisha iodini kutoka kwenye iodidi na kulificha sehemu ya maji.

Dalili ya mmenyuko wa pembeni ni titresheni isiyotaka kuisha: mvujo baada ya sampuli huwa mkubwa kuliko mvujo wa kabla yake. Uthibitisho ulio bora ni kuongeza kiasi cha maji kinachojulikana kwenye sampuli na kuangalia kama chote kinaonekana katika jibu.

6.0 Matumizi kwa mawese

6.1 Uchukuaji wa sampuli

Mawese huwa mazito, na sehemu yake huganda, kwenye joto la kawaida la mwambao. Maji huyeyuka kwa wingi zaidi katika mafuta ya moto kuliko katika mafuta ya baridi. Dumu linapopoa, sehemu ya maji hujitenga na kushuka chini. Sampuli iliyochotwa juu ya dumu haiwakilishi dumu zima. Mafuta yapashwe taratibu hadi yawe kimiminika kabisa, katika chombo kilichofungwa ili mvuke usitoke, yachanganywe vizuri, ndipo yachotwe. Chupa ya sampuli ijazwe karibu na mdomo ili hewa iliyobaki juu yake iwe ndogo. Hili ni muhimu zaidi pale sampuli inaposafirishwa kwenda maabara ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli kutoka Kigoma.

6.2 Kuyeyusha

Mawese hayayeyuki vizuri katika methanoli peke yake. Hubaki kama matone, na maji yaliyomo ndani ya matone hayafikiwi na iodini. Hivyo methanoli huchanganywa na klorofomu au na alkoholi yenye mnyororo mrefu, kama dekanoli. Kiasi cha methanoli kisishushwe mno, kwa sababu iliyoelezwa katika sehemu ya 3.0. Klorofomu ni sumu. Itumike ndani ya kabati la moshi, na mabaki yake yakusanywe badala ya kumwagwa kwenye sinki. Kiwango cha ISO 8534 kinaeleza matumizi ya njia ya Karl Fischer kwa mafuta.

6.3 Mfano wa hesabu

Tuseme gramu 5.00 za mawese zimeyeyushwa katika mililita 10 za mchanganyiko wa klorofomu na methanoli, na zote zimeingizwa kwenye chombo. Nguvu ya kitendanishi ni miligramu 2.00 kwa mililita. Kilichotumika ni mililita 6.20, muda ni dakika 4, mvujo ni mikrogramu 30 kwa dakika, na kipimo tupu kimeonyesha kwamba mchanganyiko una miligramu 0.40 za maji kwa mililita.

Maji yote yaliyotitreshwa: 6.20 × 2.00 = mg 12.40
Maji ya mvujo: 4 × 0.030 = mg 0.12
Maji ya kiyeyushi: 10 × 0.40 = mg 4.00
Maji ya sampuli: 12.40 − 0.12 − 4.00 = mg 8.28

Kwa gramu 5.00, hayo ni asilimia 0.166. Bila masahihisho, jibu lingekuwa asilimia 0.248.

Kiwango cha Codex kinaweka kikomo cha asilimia 0.2 kwa vitu vyote vinavyovukizwa kwenye 105 °C. Kikomo hicho ni cha unyevu, kwa maana iliyotolewa katika sehemu ya 2.0, wala si cha maji peke yake. Hata hivyo, mafuta ambayo maji yake tu yamezidi asilimia 0.2 yamevuka kikomo bila shaka. Kwa jibu la asilimia 0.248, mafuta haya yangekataliwa. Kwa jibu la asilimia 0.166, maji hayatoshi kuwa sababu ya kuyakataa. Tofauti kati ya majibu hayo mawili haikutoka shambani wala kwenye sufuria ya mkamuaji. Karibu yote imetoka kwenye chupa ya kiyeyushi iliyokuwa maabara.

7.0 Namna ya kuripoti

Kutokana na maelezo haya, tasnifu inayotaja kiasi cha maji katika kiyeyushi au mafuta inapaswa kumpa msomaji mambo yafuatayo:

(i) njia iliyotumika, na kama ni ya bureti au ya mkondo wa umeme;
(ii) kiyeyushi kilichotumika na thamani ya kipimo tupu;
(iii) mvujo kabla na baada ya sampuli;
(iv) nguvu ya kitendanishi, tarehe ilipopimwa na dutu iliyotumika kuipima;
(v) idadi ya marudio, wastani na mtawanyiko wake;
(vi) matokeo ya jaribio la kuongeza maji yanayojulikana.

Mtahini anayekuta asilimia ya maji bila mambo haya hana njia ya kujua kama amesoma habari za mafuta au habari za maabara. Vilevile, thamani iliyopatikana kwa tanuri isilinganishwe katika jedwali moja na thamani ya Karl Fischer chini ya kichwa kimoja cha "unyevu". Kila moja iwe na safu yake na jina lake.

8.0 Hitimisho

Makala imeeleza kwamba titresheni ya Karl Fischer hupima maji kwa mmenyuko unaoyahusu maji yenyewe, na kwa hiyo inafaa pale ambapo tanuri haliruhusiwi, ikiwamo kwa mawese yenye asidi nyingi na kwa mafuta ya mise. Imeonyesha pia kwamba umahususi wa mmenyuko haumpunguzii mpimaji wajibu, kwani maji ya kiyeyushi na ya hewa yana molekuli zilezile. Katika mkoa ambao Kituo cha TARI Kihinga kinaendeleza utafiti wa michikichi, vipimo vya mafuta vitazidi kuhitajika. Mkamuaji wa Ilagala hana bureti wala elektrodi za platini za kupinga jibu analopewa. Kwa hiyo mvujo na kipimo tupu viandikwe katika kila ripoti inayoamua hatima ya mafuta yake, ili mtu mwingine aweze kuirudia hesabu kwa niaba yake.